Skafu za Mwezi wa Sita

Phelim Galligan hakuwa mwongo, na si kwa uchaji. Kipaji hakuwa nacho. Wako watu huko Cavan, kaunti ya wafugaji, wanaoweza kukuuzia ng'ombe kiwete huku wanakutazama machoni, ukaondoka unawashukuru. Phelim akijaribu uongo masikio yalimwiva, jasho likamtoka, na maelezo yakawa mengi kuliko swali. Kwa hiyo miaka yake sitini na minne aliishi akisema kweli kwa lazima, na watu wakamheshimu kwa hilo bila kujua.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, nyasi zimefika magotini na kila mkulima anachungulia mawingu ajue akate lini, binti yake Orlaith aliingia uani na mumewe Fiachra bila kupiga simu. Orlaith alikuwa na mimba ya wiki ishirini na tatu. Walikuwa wametoka hospitali Dublin, na Fiachra alikuwa ameegesha gari juu ya kitanda cha maua cha mama mkwe wake. Mama mkwe mwenyewe, Dympna, alitazama maua yake, akamtazama mkwewe usoni, akaenda kuinjika chai.

"Mtoto hayuko sawa," Orlaith alisema walipokaa. "Ubongo haukuumbika. Na moyo nao una kasoro."

"Wamesema atakufa?" Dympna akauliza.

"Wamesema hataishi."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Kumbe siyo, Mama. Kwa sheria siyo."

Fiachra, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alijaribu kueleza. Ili mimba kubwa hivyo itolewe nchini, madaktari wawili lazima watie saini kwamba mtoto atafia tumboni, au atakufa ndani ya siku ishirini na nane baada ya kuzaliwa. Daktari wa kwanza alitia. Wa pili, mwanamke mwema kabisa, alishika kalamu akaiweka chini mara tatu. Aliwaambia anaamini mtoto hatafikisha miezi miwili, tena kwa mashine na sindano. Lakini ishirini na nane hawezi kuiandika kwa mkono wake, maana mtoto akifika ya thelathini na moja, yeye huenda akaishia jela.

"Ishirini na nane?" Phelim aling'aka. "Nani kahesabu?"

"Wabunge, Baba."

"Wabunge hawa hawa wasioweza kuziba shimo la barabara yetu? Watu wa hali ya hewa na mitambo yao yote hawajui kama kesho itanyesha, halafu daktari aape juu ya siku ya ishirini na tisa!"

Hilo lilikuwa neno la busara, na lau angeishia hapo angepata sifa. Lakini akaendelea. "Hata yule daktari wa mifugo, mwaka jana, yule ndama wangu mwenye..."

Dympna alimpiga teke chini ya meza, na alikuwa amevaa gambuti.

"Sasa mnaambiwaje?" akauliza Dympna.

"Nibebe hadi mwisho, niende dukani watu wanishike tumbo, waulize ni wa kike au wa kiume. Au nivuke bahari niende Liverpool, kwa Waingereza. Kule hawahesabu siku." Orlaith alikuwa akichambua kipande cha mkate mpaka kikawa makombo. "Sitaki aumie, Mama. Hilo la kwanza. La pili, nataka nirudi naye. Kuna wenzangu wameletewa majivu na mtu wa vifurushi, mlangoni, watie saini. Mimi nataka alazwe hapa kwetu, kaburini kwa Bibi, mchana, watu wakiona. Sitaki kujificha kama mwizi."

Hapo ndipo Phelim alipokumbuka kibanda cha kuku. Aliinuka kama aliyeungua, akatoka.

Sharti niseme jambo la kibanda. Mwaka ule nchi ilipopiga kura juu ya kuruhusu kutoa mimba, Ndiyo au Hapana, jirani yao Attracta Fitzsimons ndiye aliyetundika mabango ya Hapana kwenye kila nguzo ya parokia, ngazi mabegani, na umri wake ule. Hapana ikashindwa. Mabango yakabaki, ya plastiki nene isiyopitisha maji, na Cavan hakuna mtu wa kutupa kitu kizima. Phelim alichukua mawili akaezekea kuku. Tangu siku hiyo kuku wa Galligan walitaga chini ya neno HAPANA kubwa kuliko jogoo, na hakuna aliyeliona kuwa jambo.

Orlaith alimkuta baba yake juu ya ngazi, anajaribu kufunika paa kwa gunia, kuku wanaruka huku na huku wanapiga kelele kana kwamba kaingia mbweha.

"Baba, unafanya nini?"

"Paa linavuja." Masikio yalikuwa yameiva tayari.

"Jua lote hili?" Orlaith alitazama gunia, akatazama herufi mbili za mwisho zilizochungulia. "Ulipiga Hapana, eti?"

Phelim alikaa kwenye ngazi. "Nilipiga."

"Na Mama?"

"Mama yako hajaniambia mpaka leo, na mimi naogopa kuuliza." Alipangusa uso kwa gunia, likamwachia manyoya ya kuku kwenye nyusi. "Niliwafikiria wengine, Orlaith. Wale watu. Wale waliokuwa wanasemwa kwenye mabango."

"Ndiyo mimi sasa."

"Naona," Phelim alisema.

"Shuka, utavunjika kiuno. Nataka mtu wa kuendesha gari. Fiachra akishika usukani analia, na mimi ndiyo usiseme."

"Mpaka Liverpool?"

"Mpaka Liverpool na kurudi."

"Nitaendesha," akasema Phelim, naye kwa miaka ishirini hakuwa amevuka hata mpaka wa kaunti ila kwa mazishi.

*

Tatizo likawa ng'ombe. Mfugaji wa maziwa haondoki. Ng'ombe hawajui msiba wala harusi, wanajua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Dympna nyonga yake mbovu, peke yake asingeweza. Ilibidi kumwomba Packie Fitzsimons, ndugu yake Attracta. Kaka na dada hao hawakuoa wala kuolewa, waliishi nyumba moja, na walikuwa wakigombana tangu kifo cha mama yao kuhusu dirisha lipi lifunguliwe.

"Siku nne?" Packie aliuliza. "Phelim, hata fungate ulikaa mbili."

"Nne, ndiyo."

"Na nyasi ziko tayari, na jua ndilo hili?"

"Zitangoja."

"Nyasi zingoje!" Packie alimgeukia dada yake aliyesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Attracta, umesikia? Wewe mzee unakwenda wapi?"

Masikio yakaanza kuwaka. "Liverpool," akasema Phelim.

Kila mwanamke wa umri wa Attracta alijua neno hilo lilimaanisha nini miaka yote ile, msichana wa fulani alipotoweka siku tatu akarudi kapauka. Phelim akaona kitambaa cha vyombo kimeacha kuzunguka ndani ya kikombe. Akakurupuka. "Mpirani!" akasema. "Nakwenda mpirani."

Nalo lingeweza kuwa kweli. Feri ile ndivyo ilivyo: nusu ya abiria wamevaa jezi nyekundu wanaimba, na nusu nyingine hawasemi wanakokwenda.

"Wewe?" Packie alisema. "Si wewe uliyesema mpira ule ni wa watu wanaoogopa kuudaka kwa mikono?"

"Nimebadilika. Mtu hubadilika. Nilikuwa namwambia Dympna, nikasema Dympna, nadhani nimebadilika."

"Wanacheza na nani?"

Phelim alitafuta mbinguni na ardhini. "Na wale wengine."

"Ahaa, wale," Packie alisema, akatikisa kichwa taratibu. "Timu ngumu wale."

Wewe msomaji unayejua mpira, nakuona unataka kunyoosha mkono. Nyamaza kwanza.

"Basi niletee skafu," Packie akasema, akatoa noti mfukoni, jambo ambalo Phelim alikuwa hajalishuhudia tangu wasome wote darasa la kwanza.

"Na mimi," akasema Attracta.

"Wewe, Attracta?"

"Shingo yangu haishiki baridi? Nenda zako, ng'ombe wataangaliwa. Na umwangalie Orlaith njiani, asibebe mizigo."

Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea. Dereva wa lori la maziwa alitaka skafu. Mama wa posta alitaka mbili. Fundi wa matrekta, ambaye alikuwa hamsalimu Phelim kwa sababu ya ugomvi wa mfereji, alisimamisha gari katikati ya barabara akashusha kioo, akasema, "Moja, nyekundu," akaondoka. Oda zikawa sita. Phelim akaziandika nyuma ya bahasha, akalala akijisifu moyoni kwamba kumbe uongo ni kazi ya kujifunza tu, kama kuendesha trekta.

*

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Phelim ilikatikia katikati ya bahari, kabla hata ya kuiona bandari ya Holyhead. Alikuwa ameweka ile bahasha mezani kwenye mkahawa wa feri, Fiachra akaisoma kichwa chini.

"Baba, hii orodha ya nini?"

Phelim akaeleza. Alieleza na lile la "wale wengine", kwa fahari kidogo.

Fiachra, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajasema neno lisilo na machozi, alimwangalia mkwewe. "Baba. Ligi iliisha mwezi wa tano. Hakuna mechi. Wachezaji wote wako ufukweni wamevaa chupi."

"Labda Packie hajui."

"Packie? Ana picha ya timu juu ya kitanda chake. Aliwahi kuniongoza chumbani nikaione. Iko karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, na Moyo Mtakatifu ndio mdogo."

Phelim aliiangalia bahasha. Akapitia moja moja: Packie na ile noti, fundi wa matrekta na kioo chake, Attracta na shingo yake. Umwangalie Orlaith, asibebe mizigo. Na yeye jina la Orlaith hakulitaja kabisa.

"Wanajua," akasema. "Wote wanajua. Wamenicheka uso kwa uso, na pesa wakanipa ya kunichekea!" Aliwaza langoni mwa makaburi, Attracta kasimama na mdomo wake umekunjwa kama mfuko wa tumbaku. "Nimekuharibia, mwanangu. Ulitaka kurudi naye kwa heshima, nami nimekutangaza parokia nzima."

"Wangejua tu, Baba," Orlaith alisema. Lakini alikiweka kikombe chini kabla ya kunywa.

Yaliyokuwa ndani ya chumba kule hospitalini sitayasimulia. Si yangu, na hata Phelim hakuwemo. Nitasema kwamba walikuwa wapole, kwamba walimlaza mtoto usingizi kwa dawa kwanza asihisi kitu, kisha uchungu ukaletwa, ukachukua saa nyingi. Nesi alimwita Orlaith "mama" tangu mlangoni, na hakuna aliyemuuliza habari za siku ishirini na nane. Phelim aliachwa kwenye korido na mashine ya kahawa. Ilipofika saa nne asubuhi hakuweza tena, akatoka, na kwa kuwa mkononi alikuwa na bahasha tu, akaenda kununua skafu.

"Msimu umekwisha, mzee," muuzaji alimwambia. "Nakupunguzia bei."

"Usipunguze," akasema Phelim. Ni mtu wa Cavan wa kwanza kulitamka neno hilo, na hakuna aliyekuwepo kushuhudia.

Aliporudi, walimwita. Mtoto alikuwa wa kiume, Tiernan, kafungwa kwenye kofia na blanketi lililofumwa na wanawake wasiomjua. Orlaith alisogea kidogo kitandani, akampa ampakate. Phelim alimwangalia muda mrefu. Alikuwa mdogo mno, ila masikio yalikuwa ya Galligan hasa, makubwa na mekundu.

"Maskini," akasema. "Huyu naye asingeweza kudanganya mtu."

*

Walirudi Jumapili. Jeneza lilikuwa jeupe, dogo kiasi cha kukaa kiti cha nyuma katikati ya Orlaith na Fiachra, na Phelim alilifunika kwa koti lake zuri, juu yake akarundika mfuko wa skafu, asijue mwenyewe anaficha nini kwa nani.

Bandarini Dublin mtu wa forodha aliinama dirishani. Tangu Waingereza waache Umoja wa Ulaya, watu hawa wanawinda soseji kama bangi.

"Mna nyama? Maziwa? Mimea?"

"Hapana," akasema Phelim.

"Na hilo sanduku hapo nyuma?"

"Skafu," akasema Phelim.

Mtu wa forodha aliyaangalia masikio yale, akaona kabisa kapata soseji. "Sanduku zima la skafu?"

"Za mpira. Nyekundu. Oda za majirani, kuna mama wa posta yeye peke yake kataka mbili, na fundi wa..."

Orlaith alishusha kioo cha nyuma. "Ni mwanangu," akasema. "Anaitwa Tiernan. Karatasi zake hizi hapa."

Yule bwana hakuzichukua karatasi. Alivua kofia, akajipiga alama ya msalaba, akasimama hivyo huku magari ya nyuma yanapiga honi. "Poleni sana," akasema. "Pita, mama. Karibuni nyumbani."

Phelim aliendesha kama dakika kumi, kisha akaingiza gari kando ya barabara, akalala juu ya usukani akalia kwa sauti.

"Nimemwita skafu," akasema. "Mjukuu wangu. Nimemwita skafu!"

"Baba, basi."

"Mbele ya serikali!"

Fiachra ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekesha, Orlaith akafuata huku ameshika tumbo lililokuwa bado linamuuma. Phelim hakucheka. Alifuta uso, akawasha gari. "Kesho," akasema, "atakayekuwepo makaburini, awe nani, nitamwambia kweli. Akitaka kutugeuzia mgongo, atugeuzie."

*

Nyumbani nyasi zilikuwa zimekatwa. Robota za nyasi zilikuwa zimefungwa plastiki nyeusi na kupangwa safi kando ya banda. "Walikuja Ijumaa," Dympna alisema. "Matrekta manne. Sikuwaita." Hakuongeza neno, akaenda kumkumbatia binti yake, wakasimama vile mpaka chai ikapoa.

Asubuhi Phelim alichukua sepeto. Kwao kaburi huchimbwa na majirani. Mwenye msiba hagusi udongo. Lakini yeye hakuwa na uso wa kumwomba mtu, akaona atachimba mwenyewe kabla padri hajafika. Walipofika makaburini saa tano, jua linawaka, kaburi lilikuwa tayari. Lilikuwa dogo, kingo zake zimenyooka, majani yamebanduliwa vizuri ya kurudishia. Packie alikuwa amekaa kwenye nyasi, shati limelowa. Dereva wa lori la maziwa alikuwepo, na mama wa posta, na fundi wa matrekta aliyetazama viatu vyake. Attracta alisimama langoni na kikapu cha mikate ya nyama, mdomo umekunjwa vilevile.

Phelim alisimika sepeto chini. "Jamani," akasema. "Nina neno. Hatukwenda mpirani."

Ndege waliimba kidogo.

"Tunajua, Phelim," akasema Packie. "Ni mwezi wa sita."

"Sasa mbona mliagiza skafu?"

"Ulitaka tuseme nini?" Attracta akadakia. "Tukuhoji pale uani? Masikio yangekupasuka, nani angekamua ng'ombe?" Akaweka kikapu chini, akamwendea Orlaith, akasimama mbele yake. "Mimi sikudanganyi, binti. Kura ile wakinirudishia kesho, napiga vilevile."

"Najua, Attracta."

"Ujue. Lakini mimi nilimpigia kura mtu nisiyemjua, na wewe nimekuogesha kwenye beseni langu. Kaburi nimelisimamia mwenyewe. Packie alitaka kulichimba kombo." Akatoa kwenye mkoba kadi ya misa, ile wanayoandika jina la marehemu aombewe, na kalamu. "Nimeacha nafasi. Anaitwa nani?"

"Tiernan."

Attracta aliandika akiegemeza kadi kwenye jiwe la Bibi. Herufi ya mwisho ilienda mbali.

"Na mimi sijui ningepiga ipi sasa," Phelim alisema, bila kuulizwa na mtu. "Ndiyo kweli yenyewe. Sijui."

"Hakuna aliyekuuliza," akasema Dympna. "Walete watu skafu zao."

Akazigawa. Alidhani watazitia mfukoni. Packie alijizungushia yake shingoni mara mbili, akaifunga fundo. Attracta akafuata, akaificha ncha ndani ya kola. Dereva, mama wa posta na zake mbili, na fundi wa matrekta wa mwisho, baada ya kuitazama kwanza kama ni nyekundu aliyoagiza. Padri alipoingia langoni akakuta watu wazima wamesimama kwenye jua kali, wamefungwa sufu mpaka kidevuni, nyuso zinachuruzika. Aliwaangalia mmoja mmoja, akafungua kitabu chake.

Fiachra alishusha jeneza kwa mikono yake, halikuhitaji kamba. Padri alisoma. Watu wakasubiri udongo.

"Baridi leo," akasema Packie.

"Kali," akajibu Attracta, jasho linamdondoka puani.

Orlaith alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, akashika mdomo, kisha akauachilia, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti iliyofika barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu wote, na hakuna aliyegeuza uso. Phelim akamshika mkono, wakainama pamoja, wakachota udongo wa kwanza.